Kumbe waliokuwa wanamaliza mtama wangu ni kasuku

Nina kashamba ka mtama huku Magu, mkoa wa Mwanza, nusu eka hivi, sio mbali na Ziwa Victoria. Msimu uliopita nilitaka kukata tamaa kabisa, kila nikienda jioni nakuta masuke yameshaliwa na makapi yamejaa chini. Mama mkubwa akasema hao ni kwelea kwelea tu mwanangu, katafute dawa. Mi nikaona ngoja kwanza nimjue mwizi.

Saa kumi na mbili asubuhi nikawa nimeshakaa chini ya mwembe. Jua linachomoza tu nasikia kelele kali, kundi kama ishirini linakuja kasi, kijani tupu, wale kasuku wadogo ambao wafugaji wanawaita lavubedi! Anapanda bua kwa mdomo na miguu kama mkwezi wa mnazi, akifika juu anabinuka kichwa chini na kula punje moja moja, anamenya ganda anatupa.

Nikaenda mwaloni, wanakoshushia samaki, nikanunua nyavu kuukuu za dagaa, nikafunika masuke. Kesho yake mmoja kanasa mguu kwenye sehemu iliyochanika. Nikamshika na kitambaa na bado aliniuma kidole mpaka damu, mdomo mwekundu ule sio mchezo aisee. Urefu wake sentimita 14 hivi, kalamu ya biki inamzidi kidogo. Uso na koo rangi ya chungwa lililoiva, kifua kinaenda njano, mgongo kijani, juu ya mkia pana bluu, na jicho limezungukwa na ngozi nyeupe tupu utadhani kavaa miwani. Wanaitwa kasuku wa Fischer, jina la Mjerumani mmoja msafiri, ila kwao ni hapa hapa, kusini mwa ziwa mpaka Serengeti, kwenye mbuga za miti iliyoachana, wanataga kwenye matundu ya miti. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno wakauzwa nje wafugwe, ndo maana dawa sikuitaka.

Nikamnasua, akaruka moja kwa moja mpaka kwenye mvumo mkavu huku ananitukana.

Baada ya hapo nikashona matundu yote, nikavuta nyavu zikaze zisining'inie, na mistari miwili ya kando ya kichaka nikaiacha wazi, wale hiyo na mbegu za nyasi. Nimevuna gunia tatu. Mama mkubwa sasa anaziulizia zile nyavu, nimemwambia akija aje na sindano.