Nilivyohangaika na chumvi ya kopepodi

Majibu ya mashine ya kupima kaboni na nitrojeni yalipokuja nilidhani nimechanganya sampuli. Kopepodi, wale vijidudu jamii ya kamba wanaojaa wavuni tukivuta katika Mkondo wa Zanzibar, wakikaushwa kaboni huwa kama asilimia 40 ya uzito wao, pengine na zaidi. Wangu hawakufika hata robo.

Ilikuwa kazi yangu ya shahada ya uzamili, na hatua zote nilizifuata: wavu wa matundu ya maikromita 200, kuchuja, kukausha kwenye oveni kwa nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, kusaga, kufunga unga kwenye vikopo vidogo vya bati. Mashine inauchoma kwa joto linalokaribia nyuzi 1,000, halafu inapima gesi zinazotoka.

Kilichonishtua ni uwiano. Kaboni chini, nitrojeni nayo chini, lakini nikigawa ya kwanza kwa ya pili kwa uzito napata 4 na kitu, sawasawa na mnyama mwenye protini nyingi na mafuta machache. Kopepodi wa Aktiki, Calanus, ndio wanaojilimbikizia nta kwa ajili ya baridi. Wa kwetu wanakula leo, wanatumia leo. Basi mnyama hakuwa na kasoro. Kilichoongezeka kilikuwa na uzito tu, bila kaboni wala nitrojeni.

Shangazi yangu anachemsha dagaa na kuwauzia wanunuzi wa Kongo. Nikamsimulia jioni moja nikimsaidia kuanua, nusu kwa kulalamika. Hata hakuinua kichwa. "Mwanangu, umepima chumvi hiyo. Dagaa aliyezidi chumvi, gunia linakuwa zito bure. Mimi wananirudishia."

Nikaenda kupiga hesabu, nikaona aibu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Tone moja la mililita 0.05 likikauka linaacha karibu miligramu 1.7. Kopepodi mdogo wa maji ya joto aliyekauka ana maikrogramu chache tu. Tone moja lililobaki kwenye chujio lina uzito wa mamia ya kopepodi!

Kuwasuuza kwa maji yaliyotoneshwa kuna hatari yake: maji matupu yanaingia mwilini, seli zinapasuka, protini zinavuja, unajikuta umetupa ulichotaka kupima. Nilitumia myeyusho wa fomati ya amoniamu wenye ukali unaolingana na wa bahari. Inaondoa chumvi, kisha ndani ya oveni yenyewe inapotea hewani. Ila ina nitrojeni na kaboni zake, kwa hiyo kila mara nilisuuza pia chujio tupu lisilo na mnyama, nikalipima, nijue kama kuna masalia.

Kazi ya kuchosha ilikuwa kuchambua. Yavuyavu wadogo na salpa, wanyama laini kama rojo, mwilini mwao ni maji zaidi ya asilimia 95, na maji hayo yana chumvi ya bahari. Huwezi kuisuuza kwa sababu iko ndani. Konokono waogeleao nao wana magamba ya chokaa, ambayo ni kaboni isiyo chakula. Wote niliwatoa kwa kibano chini ya hadubini, sahani ikiwa juu ya barafu, mmoja mmoja, mpaka shingo ikakakamaa. Formalini ningependa sana kuitumia nifanye kazi polepole, lakini inabadilisha uzito na kaboni ya mnyama na kuharibu hesabu.

Sampuli za safari ya pili zilipochomwa, kaboni ilipita asilimia 40. Uwiano haukusogea, ni ule ule 4 na kitu.

Fosforasi bado sijaipima. Ile haitoki kwenye mashine ya kuchoma. Inataka sampuli yake, majivu yayeyushwe kwa asidi, na wanyama wote nimeshawamaliza. Nahodha anasema tusubiri upepo upungue.