Machozi Hayaitwi: Nilivyosoma Uigizaji wa Juu Chuo Kikuu

Wadogo zangu wanaotaka kusomea sanaa za maonyesho huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: unaliaje? Ada hawaulizi, wala kazi baada ya chuo. Wanataka kujua yale machozi wanayoyaona kwenye tamthilia yanatoka wapi. Ninawaelewa, maana hata mimi nilipanda Mlimani na swali hilohilo. Mtaani kwetu mwigizaji hupimwa kwa machozi. Akilia, watu husema anajua. Asipolia, bado hajaiva. Miaka miwili ya mwanzo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilinipa mengi: historia ya tamthilia, uandishi, ngoma, maonyesho ya pamoja. Jibu la swali hili nililipata mwaka wa tatu, kwenye uigizaji wa juu, na nililitolea jasho.

Uigizaji wa juu haupitiki kwa desa. Kozi ya nadharia unaweza kukusanya makaratasi ya waliokutangulia, ukapiga msuli usiku kucha, ukaingia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, na kutoka salama. Hapa unaingia darasani miguu mitupu, nguo nyeusi, chumba hakina hata kiti kimoja, na unachokijua kinaonekana ndani ya dakika mbili. Tulianza na pumzi kila siku: unalala chali, unaweka kitabu juu ya tumbo, kitabu kipande na kushuka, mabega yasisogee. Baadaye midomo na ulimi, "katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata miti", taratibu kwanza, halafu mbio, halafu kwa kunong'ona huku mtu aliyesimama ukuta wa mbali akisikia kila silabi. Sehemu hii sitaieleza zaidi. Ni kazi ya kila siku na haina siri.

Kila mwanafunzi alipewa hotuba moja ndefu ya kukaa nayo muhula mzima. Mimi nilipewa ile ya Mark Antony mbele ya maiti ya Kaizari, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo ya Shakespeare ikatoka mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, kisha akairekebisha na ikachapishwa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Kwamba mimi ni mwanamke na Antony ni mwanamume, mwalimu wetu hakuliona kuwa jambo. Alinipa karatasi akasema, "Binti, hapo kuna maiti, na kuna mtu aliyempenda marehemu. Nafasi ya kulia ni ndogo sana. Itafute."

Asiyeijua hotuba hiyo aelewe hali ilivyo. Kaizari, mtawala wa Roma, amechomwa visu na wakubwa wenzake. Brutus, mmoja wa wauaji, ametoka kuzungumza na umati umemkubali kabisa. Antony ameruhusiwa kuzungumza kwa sharti la kutowalaumu waliomuua. Anaanza akiwa peke yake mbele ya watu wasiotaka kumsikia, na akimaliza watu haohao wanakwenda kuchoma nyumba za wauaji.

Mimi nilikuwa na silaha yangu. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu, na nilijua nikimfikiria machozi yatakuja. Yalikuja kweli. Wiki za mwanzo nilisimama, nikamkumbuka baba, nikalia kuanzia mstari wa nne, na wenzangu waliokuwa wameketi chini kama umati walilowa macho. Mwalimu akawauliza, "Mmemwonea huruma?" Wakaitikia ndiyo. "Mko tayari kwenda kuchoma nyumba ya Brutus?" Kimya. Mmoja akasema kwa upole, "Mimi nilitaka kumkumbatia, nimpeleke nyumbani akapumzike."

Jibu hilo lilinipeleka maktaba. Kilichonisaidia huko kilikuwa habari ya watu waliogombania jambo hilihili kabla hatujazaliwa. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Kirusi aliyeanzisha jumba la maonyesho la Moscow Art Theatre mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, alijaribu kwa miaka mingi njia ya mwigizaji kuzifukua kumbukumbu zake za uchungu na furaha. Njia hiyo ikafika New York, ambako mwongozaji Lee Strasberg aliishikilia sana katika kundi la maonyesho la Group Theatre. Mwenzake wa kundi, mwigizaji Stella Adler, njia hiyo ilimtesa. Mwaka 1934 alikutana na Stanislavski mwenyewe huko Paris, wakafanya kazi pamoja kwa wiki kadhaa, akarudi Marekani kuwaambia wenzake kwamba mzee sasa anasisitiza mambo mengine: hali aliyomo mhusika, na kile anachokitenda. Mpaka anafariki mwaka 1938, Stanislavski alikuwa akiwafundisha waigizaji kuanza na vitendo vya mwili na kuacha hisia zifuate zenyewe. Niliisoma habari hiyo nikapata nafuu kubwa. Niliona nimepewa ruhusa ya kumwacha baba yangu apumzike, nisimwamshe kila Jumanne saa nne asubuhi kwa ajili ya alama.

Kazi ikaanza upya, safari hii kwa penseli. Niliikata hotuba vipande vipande, na kando ya kila kipande nikaandika kitenzi kimoja cha jambo ninalowafanyia watu walio mbele yangu. Kanuni ilikuwa kali: kitenzi lazima kimguse mtu mwingine. "Ninahuzunika" hakipiti, kwa sababu hakimfanyi mtu yeyote kitu. "Nawatuliza" kinapita. Ukurasa wangu wa kwanza ulisomeka hivi: nawatuliza, nawapumbaza, nawachokonoa, nawatia haya, nawanyima, nawakusanya. Antony anarudia tena na tena kuwasifu wauaji kwamba ni watu wa heshima. Sifa ni ileile, lakini mara ya kwanza nilikuwa nawatuliza wafuasi wa Brutus wasinizomee, baadaye nikawa nawauliza, mwishoni nawachoma. Sauti ilibadilika yenyewe. Sikuwahi kupanga hapa nipandishe, pale nishushe.

Kipande kilichonila muda mwingi kuliko vyote ni cha vazi. Antony analiinua joho la Kaizari na kuwaonyesha watu matundu ya visu: hapa alipita Cassius, hapa Casca, na hapa Brutus aliyependwa. Ukisoma tamthilia kwa makini unagundua kwamba Antony hakuwepo wakati wa mauaji. Trebonius alikuwa amemvuta pembeni. Hajui tundu lipi ni la nani. Anatunga palepale, mbele ya maiti ya mtu aliyempenda kweli. Nilichukua shuka kuukuu, nikalichana kwa wembe, nikafanya mazoezi nalo chumbani, hosteli ya Mabibo, hadi wenzangu wa chumba wakaizoea habari ya Kaizari. Mwanzoni kidole changu kilikwenda moja kwa moja kwenye tundu, na ilionekana nimekariri. Nikajaribu kukiachia kidole kitafute: kipapase kitambaa, kiguse tundu dogo kikalipita, kifike kubwa zaidi, ndipo jina la Brutus litoke. Ule muda mfupi wa kutafuta uliwafanya wenzangu wasogeze shingo mbele. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kwa namna nyingine kabisa.

Lakini vitenzi peke yake vinaweza kukufanya uwe hodari na mkavu, unatenda bila kuona unayemtendea. Dawa yake ilikuwa zoezi la Sanford Meisner, Mmarekani aliyefundisha miaka mingi Neighborhood Playhouse, New York. Wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anasema analoliona kwa mwenzake, mwenzake analirudia. Basi. Nilipangwa na kaka mmoja wa Tanga, mpole, msemaji mdogo.

"Umekunja mikono."

"Nimekunja mikono."

"Umekunja mikono."

"Nimekunja mikono."

Dakika kumi hivyo, na ndani yake nilitamani kuondoka. Kisha akaniangalia vizuri.

"Unaangalia saa."

"Naangalia saa."

"Hunisikilizi."

"Sikusikilizi."

"Hunisikilizi!"

Hiyo ya mwisho alikuwa ameumia kweli, na mimi nikaona aibu kweli, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameandikiwa maneno. Uso wangu ulipata joto bila mimi kuupa amri. Kuanzia siku hiyo nilianza kuutazama umati wangu mtu mmoja mmoja: huyu ameshawishika, huyu anachezea ukucha, huyu bado ni wa Brutus, ngoja nianze na huyu.

Tulipewa pia kazi ya kutazama watu na kurudi na miili yao darasani, kwa kutumia mpango wa Rudolf Laban, mtaalamu wa ngoma na mwendo wa mwili. Laban aliupima mwendo kwa mambo kadhaa, na sisi tulitumia matatu: uzito wake, kasi yake, na kama unakwenda moja kwa moja au unazungukazunguka. Ukichanganya pande zote unapata aina nane, kuanzia ngumi, ambayo ni nzito, ya ghafla na iliyonyooka, hadi kuelea, ambako kila kitu ni kinyume chake. Wengi walikwenda Kariakoo. Mimi nilikwenda Feri alfajiri, mnada wa samaki ukiwa umepamba moto, nikasimama nyuma ya ndoo nikimtazama dalali. Mkono wake ulikuwa ngumi tupu: anapiga hewa kwa kila bei. Mnunuzi akisita, mkono ule unalainika ghafla, anamwinua samaki, anamgeuza tumbo lionekane, anamrudisha chini kama vile hauzwi tena. Mnunuzi anaongeza bei. Nikaona wosia wa Kaizari mikononi mwake. Antony anautaja wosia, anakataa kuusoma, watu wanapiga kelele usomwe, anakataa tena, na mpaka wamekwisha kuinuka kwenda kuchoma nyumba ndipo anawaita warudi wasikie kwamba kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75. Nilimcheza Antony kwa mkono wa yule dalali wa samaki. Mwalimu hakujua umetoka wapi, alisema tu, "Huo mkono usiuache."

Na kulia? Kulia nilijifunza msibani, bila kukusudia. Jirani yetu alifiwa na mwanawe, nami nilikwenda na mama kukaa matanga. Mfiwa hakuwa analia muda wote kama tunavyoigiza. Alikuwa anauliza waliokaa kwenye jamvi la nje kama wamepata chai. Aliagiza sukari. Alimkaripia kijana aliyeliacha turubai limelegea. Kisha macho yake yakaangukia ndala za marehemu pale mlangoni, akainama kuzipanga vizuri, na hakuinuka. Mtu mwenye uchungu hupambana asilie, na sisi tunaomtazama tunauona uchungu kwenye yale mapambano.

Antony anafika mahali anaposema moyo wake umo jenezani pamoja na Kaizari, na kwamba lazima anyamaze kidogo mpaka umrudie. Ndiyo nafasi ndogo niliyoambiwa niitafute. Kando yake nilikuwa nimeandika kitenzi "nalilia". Nikakifuta, nikaandika "nawaficha". Nikawageuzia umati mgongo, nikashughulika na kona ya shuka iliyokuwa imejikunja.

Siku ya mtihani umati wangu walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walioambiwa tu wamuunge mkono Brutus mpaka washawishike wenyewe. Kijana mmoja wa mbele alikuwa mgumu, amekunja mikono, ananitazama kwa dharau. Nilikuwa nimepanga kumtuliza, lakini nilipomwona nilimsogelea nikamtia haya badala yake, kwa maneno yaleyale. Alishusha mikono. Nilipofika kwenye shuka waliinuka bila kuambiwa, na nilipolifunua wakaanza kunguruma kwa sauti ambayo sikuitegemea. Machozi yalinitoka nikiwa nawasukuma waende, wakati sikuwa nayafikiria hata kidogo. Mikono yangu ilikuwa na kazi nyingi. Baadaye nilifanya tulichofundishwa kufanya kila baada ya mhusika mzito: nikavua vazi, nikanawa uso, nikataja jina langu kamili na la mtaa wetu, nikaulizwa nitakula nini mchana, nikajibu. Msomaji anayesoma kozi hii asiliruke hilo. Wapo wenzangu waliotoka na huzuni ya mhusika wakarudi nayo hosteli, wakalala nayo.

Sasa hivi kazi yangu kubwa ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki. Studio ni chumba kidogo, umevaa spika za masikioni, mbele yako kuna kioo na midomo ya mwigizaji mwingine ambayo lazima uifuate. Hakuna mtu wa kumtendea. Nimemwomba fundi mitambo asikae pembeni, akae pale ninapoweza kumwona kupitia kioo, na mhusika wangu anapomsihi mumewe asiondoke mimi namsihi yeye. Mwanzoni aliona haya, alikuwa akiinamia vitufe vyake. Siku hizi anatikisa kichwa kunikatalia, nami narudia sentensi ileile kwa kitenzi kingine mpaka anyanyue macho.