Friza kuukuu na chupa 22 za mvinyo, Chumbageni, Tanga

Januari

Mradi huu wa kutunza mvinyo umezaliwa na hasara. Mwezi wa sita nilibeba chupa sita za mvinyo mwekundu mkavu kutoka Dodoma, nikazisimamisha juu ya kabati la sebuleni. Kaskazi ilipokolea, nikakuta kizibo cha moja kimejitokeza nje ya mdomo, na mchirizi mwekundu umekaukia shingoni. Nyingine niliyoifungua ilinuka zabibu kavu zilizochemshwa. Bibi jirani, ambaye kilevi hakigusi, alicheka: "Baba Neema, siki yote hiyo unaitunzia achari?"

Nimetundika kipimajoto palepale juu ya kabati. Mchana nyuzi 33, alfajiri 28. Mvinyo wa kutunzwa unataka 12 hadi 14, tena zisizoyumba. Joto likipanda, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo. Likishuka, hunywea na kuvuta hewa ndani. Chupa yangu ilikuwa inapumua kila siku bila mimi kujua.

Februari

Nimepata friza kuukuu ya kifuniko cha juu kwa fundi wa Ngamiani. Yenyewe inajua kugandisha tu, kwa hiyo fundi ameiwekea themostati ya nje: kihisio kinaingia ndani, umeme unakata kwenye 13 na kurudi kwenye 15.

Mnaouliza kwa nini nisitumie friji ya jikoni: kwa wiki chache haina neno. Lakini mle ni nyuzi 4 hivi, mvinyo unakaribia kusimama usikue, na hewa yake kavu hukausha koki (vile vizibo vya gome la mti) mwezi hadi mwezi.

Leo nimenunua chupa mbili za aina moja, za katoni moja. Moja imeingia friza, mwenzake nimemwacha juu ya kabati makusudi.

Machi

Maji! Kila nikifunua kifuniko, hewa ya pwani inaingia na jasho linatiririka hadi chini. Lebo mbili zimeota ukungu. Koki inapenda unyevu, asilimia 60 hadi 70, ila si kuogelea. Nimekata chaga za kitanda kilichovunjika nikazipanga chini, taulo chini yake, na sasa nafunua mara moja kwa wiki. Za koki nimezilaza ili kizibo kibaki kimelowa. Za kifuniko cha kuzungusha zimesimama. Hazina cha kulowesha.

Aprili

Umeme ulikatika saa 4 usiku, ukarudi saa 3 asubuhi. Ndani ilitoka 14 ikafika 16 tu. Kilichoniokoa ni chupa za maji nilizojaza kila upenyo. Maji yakishapoa, hayapashiki upesi.

Septemba

Nimefungua wale ndugu wawili. Wa kabatini umeanza kugeuka rangi ya tofali, matunda yamekwisha, harufu ni ileile ya Januari. Wa friza bado una wekundu wa zambarau na unakwaruza ulimi kidogo.

Ule ukakasi ni tanini, ndugu wa ule wa chai iliyokaa na majani. Miaka inavyokwenda, tanini na rangi hushikamana, huwa nzito, hatimaye hutua chini kama mashapo. Ndiyo maana mwekundu mkongwe hulainika na kupauka. Joto nalo huharakisha mambo hayo, ila si yote kwa mwendo mmoja, kwa hiyo mvinyo wa kabatini haukukomaa, umezeeka. Na mvinyo mwingi unaouzwa madukani haukutengenezwa kusubiri. Huu wa kwangu ungenywewa ndani ya miaka miwili mitatu, na nyeupe mapema zaidi.

Mmoja tu ungeishi raha juu ya kabati langu: Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilo. Zamani mapipa yake yalipitishwa kwa meli kwenye bahari za joto, watu wakaona ladha yake imekuwa nzuri zaidi. Siku hizi mwingi wake hupashwa makusudi kwenye nyuzi 45 hadi 50, kwa miezi mitatu au zaidi. Tanga ingetosha kuutunza bure.

Hesabu ya leo: chupa 22, kila moja ina tarehe shingoni kwa kalamu ya wino mzito. Nyeupe nne ziko juu, zitoke kabla ya Krismasi. Mpira wa kifuniko umelegea pembeni. Fundi aubadilishe kabla kaskazi haijarudi.