Siku moja maishani mwangu: kadi 120, gundi tatu na mvua ya masika

Saa 11 alfajiri

Watu wengine wakiamka wanashika simu, mi nashika tofali. Sio utani, juu ya meza yangu kuna matofali manne nimeyavalisha magazeti na gundi ya karatasi, na kila siku kabla hata sijapiga mswaki nayainua nione usiku ulikuwaje.

Usiku wa leo haukuwa mzuri. Nilibandika kadi 20 za majaribio kwa gundi nyeupe, ile ya maseremala, 8 nikaziweka chini ya tofali na 12 nikaziacha wazi kwa uvivu tu. Zile 12 zimejikunja kama dagaa waliosahauliwa kwenye kikaango. Zile 8 zimenyooka lakini ukipitisha kidole unasikia mawimbi katikati, na kadi ya maruni ikiwa na mawimbi taa ikipiga tu kila mtu anaona.

Kwa msionijua, natengeneza kadi za mkono, za harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, hapa Manzese, na huu mwaka wa sita. Wiki hii nina kadi 120 za harusi za kukabidhi Alhamisi. Mbele maruni na pambo la dhahabu la stensili (plastiki iliyotobolewa umbo, rangi inapita kwenye matundu) pembeni, ndani karatasi ya trasi, ile inayopitisha mwanga, yenye maneno ya mwaliko. Na ni Aprili. Dar es Salaam, Aprili, masika, nguo ukifua Jumapili unaivaa Jumatano bado ina baridi. Sasa hebu fikiria karatasi.

Saa 1 asubuhi

Chai, chapati ya jana, na darasa fupi kwa mdogo wangu ambaye yupo likizo nimemfanya msaidizi. Ananiuliza dada kwa nini zimejikunja wakati gundi imeshika vizuri tu? Nikamwambia gundi haina kosa, kosa ni maji yaliyo ndani ya gundi. Ile nyeupe ni maji mengi na chembechembe za plastiki ndani yake, maji yakiondoka zile chembe zinashikana. Lakini kabla hayajaondoka karatasi imeshayanywa, na karatasi ikinywa inavimba, upande uliopakwa unavimba na ule mwingine hauna habari, basi wanavutana mpaka kadi inapinda.

Afu kuna kitu ambacho mi mwenyewe nilikijua baada ya kuharibu kadi za watu wawili, karatasi ina uelekeo wa nyuzi. Inavimba zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Kujua uelekeo ni rahisi, kata kipande kidogo, lowesha upande mmoja, kitajisokota kama mkeka, na ule urefu wa mkeka ndo uelekeo wa nyuzi. Au ipinde tu kwa mikono bila kuikunja, ikikubali kwa ulaini basi mstari wa mpindo ndo uelekeo wa nyuzi. Sasa ukibandika karatasi mbili nyuzi zake zinapishana umeanzisha ugomvi wa kudumu. Na ukikunja manila (karatasi ngumu ya kadi) ya maruni kwa kukatiza nyuzi mgongo unapasuka pasuka na ule weupe wa ndani unachungulia, hapo hata upake wino mwekundu haisaidii.

Tumezipima. Karatasi za ndani za majaribio nilizikata kinyume. Uvivu wa pili huo.

Saa 2 na nusu

Mwendokasi kwenda Kariakoo. Kila masika ukifika Magomeni Mapipa unaanza kuomba dua maana mbele ni Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, na maji yakijaa pale mabasi hayaendi na kila mtu anatafuta njia yake. Leo tumepita, ingawa watu wote walikuwa wamegeukia dirishani kuangalia kina, kimya kabisa, mpaka tulipofika kituo cha Fire ndo umbea ukaanza tena.

Saa 3 na kitu, dukani

Muuzaji ananijua, na bado kila nikienda ananisukumia kitu kipya. Leo: "Dada chukua hii, inashika mpaka chuma." Nikamwambia kaka mi nabandika karatasi, sio geti.

Ngoja niseme ukweli wangu kuhusu gundi maana naulizwa sana. Supa gluu kwenye karatasi ni majanga. Kwanza inakauka kwa kukutana na unyevu wa hewani, kwa hiyo Dar inakauka hata hujakaa sawa, pili inaingia ndani ya karatasi inaacha doa gumu kama kioo, na kwenye rangi nzito kama maruni inatoa ukungu mweupe pembeni kama mtu kamwaga unga. Naitumia kitu kimoja tu, vito vya plastiki kwenye maboksi. Na msiifute kwa pamba jamani, ikikutana na pamba inachemka, mi iliniunguza kidole.

Gundi ya viatu inashika, sikatai, ila inanuka hadi mgeni mwalikwa atajua imebandikwa na nini, na baadaye inageuka njano. Bastola ya gundi ya moto, ile ya vijiti, ni nzuri kwa utepe na maua, lakini inaacha uvimbe, inaacha nyuzi nyuzi kama buibui kapita, na kadi ikisahaulika kwenye dashibodi ya gari juani ua linateleza lenyewe. Gundi ya fimbo, ile ya kuzungusha kama lipstiki (na kweli Henkel wa Ujerumani walipoitoa mwaka 1969 wazo lilitoka kwenye lipstiki), haikunji karatasi kwa sababu maji yake ni machache. Kwa mtoto wa shule inatosha. Kwa kadi ambayo itakaa kwenye albamu ya mtu miaka ishirini siiamini, pembe zinaanza kuachia.

Bibi yangu alikuwa anapika uji wa ngano anabandikia mifuko ya karatasi. Inashika vizuri ajabu! Ila mende nao wanaipenda, na masika inaota ukungu.

Kwa hiyo nimechukua gundi nyeupe lita moja, ile nzito isiyochanganywa maji (mnaopimiwa kwenye chupa za soda mnauziwa maziwa), roli sita za dabo tepu (inanata pande zote mbili) ile nyembamba ya karatasi, na moja ya sponji ya kuinulia monogramu, yaani herufi za majina ya maharusi. Gundi ya kadi ya harusi wakati wa masika kwa maoni yangu ni tepu, yaani ukavu mtupu. Gundi nyeupe nimeibakiza kwa manila na manila tu, ikipakwa nyembamba kwa kadi ya zamani ya benki na kukandamizwa chini ya tofali saa mbili.

Saa 4 na nusu, duka la pili, rangi

Hapa nina kidonda changu. Mwaka jana duka moja, silitaji, niliomba rangi ya dhahabu ya stensili isiyotumia brashi, nikapewa kopo zuri zito linalong'aa. Nikapaka kadi 60. Kesho yake mbichi. Keshokutwa mbichi. Nikaanika, nikapuliza feni, wiki ya pili ukigusa bado inakuja kwenye kidole. Kijana anayeprinti fulana mtaani kwetu ndo akaja kuniambia dada hiyo ni plastisoli, rangi ya kuprintia fulana, hiyo haina maji ndani yake kwa hiyo haitakauka hata mwaka, inataka moto wa kama nyuzi 160 ndo iive. Kadi ya karatasi na moto wa nyuzi 160! Nilizitupa zote 60 na kopo nikampa yeye, bure.

Tangu siku hiyo siulizi "hii inang'aa?", nauliza "hii inakaukaje?". Akriliki inakauka kwa maji kuondoka, na ikishakauka imekuwa plastiki, hata jasho la mkono haliitoi. Postakala inakauka haraka lakini inayeyuka tena ikilowa, mgeni akishika kadi kwa mikono yenye jasho anaondoka na harusi yenu viganjani. Wino wa muhuri una gliserini ili pedi isikauke, sasa usishangae na kadi yako isipokauka kwenye karatasi za kung'aa, kwenye karatasi ya kawaida inanywewa inatambaa pembeni ya stensili. Ni mzuri kwa muhuri, basi.

Nimechukua akriliki ya dhahabu chupa mbili, nzito. Nzito ni muhimu, nyepesi inachuruzika chini ya stensili.

Saa 7 mchana

Wali maharage, tembele. Mvua imeanza.

Saa 8

Stensili ya kwanza imevunjika daraja, nakata nyingine. Daraja ni vile vipande vidogo vinavyoshikilia visiwa visidondoke, maana ukikata herufi A bila daraja tumbo lake linaanguka unabaki na pembetatu ya ajabu, na B ina matumbo mawili. Maharusi wa wiki hii ni A na B, kana kwamba wamenikomoa.

Nakata kwenye filamu ya eksirei. Hii ni ya mkono wangu mwenyewe, nilivunjika nilipoanguka na boda, na nikasema angalau hela yangu irudi. Unailoweka kwenye Jik mpaka utando mweusi unaachia wenyewe, unasuuza, unabaki na plastiki safi ngumu kiasi, haipindi kwa rangi na ukiiosha mapema inadumu kadi mamia. Vaa glavu na fungua madirisha.

Saa 9 hadi saa 11 jioni

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo sehemu watu wanaharibu, kwa sababu wanadhani stensili ni kupaka rangi. Stensili ni kunyima rangi. Nachovya sponji la godoro nililolikata vidole vidole, afu naligonga kwenye gazeti mara nane, kumi, mpaka gazeti likatae kupokea. Sponji likionekana kama halina kitu ndo lipo tayari. Nagonga wima, sisugui kamwe, naanzia kwenye plastiki naingia kwenye tundu, na tabaka mbili nyembamba hazifanani kabisa na moja nene. Moja nene inakupa ukingo wenye ndevu.

Stensili naishika kwa maskini tepu (masking tape, ile ya karatasi) lakini tepu mpya ina nguvu mno inanyofoa uso wa manila, kwa hiyo kwanza naibandika kwenye kanga yangu niliyoivaa, naibandua, naibandika tena, mara tatu, ikishachoka ndo inaenda kwenye kadi. Ikifika jioni paja langu lina manyoya ya tepu kama kuku.

Kila kadi kumi, mdogo wangu anaiosha stensili. Akriliki ikikauka kwenye yale madaraja inanenepa, na pambo linaanza kupungua bila wewe kujua, kadi ya kwanza na ya themanini zinakuwa ndugu wa baba tofauti.

Tumefika 97 umeme ukakatika. Tumemalizia na tochi ya simu, 120 na tano za akiba.

Saa 11 na nusu

Mama bibi harusi kaja kuangalia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa, akaishika kadi akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. "Nzuri. Lakini hii dhahabu si ingeng'aa zaidi? Za binti wa jirani yangu zilikuwa za unga, zinawaka kabisa." Nikamwambia mama ile ya unga nyingi ni shaba iliyosagwa, siku ya kwanza inawaka kweli kuliko hii, lakini shaba ikikutana na hewa yetu hii inafifia, inakuwa kahawia kama senti ya zamani. Hii yangu ni maika, ni jiwe, jiwe halipati kutu. Akaniangalia. "Kwa hiyo za jirani zitafifia?" Nikasema zinaweza mama. Akacheka, akasema basi acha hivi hivi, akalipa nusu iliyobaki. Sijui kama nilimshawishi kwa sayansi au kwa jirani.

Saa 2 usiku

Trasi. Umeme umerudi, tunafunga ndani. Trasi ina roho yake, nyuzi zake zimesagwa sana mpaka mwanga unapita, na kwa hiyo tone la maji tu linaikunja papo hapo kama jani la mgomba karibu na moto. Hapo gundi nyeupe hapana, gundi ya fimbo inaonekana kama kamasi kwa nyuma, hata tepu inaonekana. Maneno nimeyatoa kwa printa ya tona (wino wa unga), za wino wa maji zinapaka.

Dawa yake ni kutokuibandika. Au kuibandika kidogo sana. Naweka dabo tepu mstari mmoja wa milimita 6 juu kabisa, sehemu nyingine zote zinaning'inia huru, ikitaka kuvimba ivimbe, ikitaka kunywea inywee, afu juu ya ule mstari unapita utepe wa satini unaficha kila kitu. Mdogo wangu kabandika 30 vizuri, ya 31 kaibandika kichwa chini, akanyamaza akidhani sijaona.

Saa 4 na robo

Zimefungwa 88, zilizobaki kesho. Hakuna haja ya tofali kwenye hizi maana hakuna maji. Nimezipanga wima kwenye beseni lenye mfuniko, na chini nimemwaga vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vilivyoandikwa usile, vya kwenye maboksi ya viatu, jamaa wa mitumba na viatu pale njia panda wananiwekea kila wiki, nikavianika kwenye sufuria ya moto dakika kadhaa kwanza vitoe maji yake. Nimefunga mfuniko nikauzungushia maskini tepu. Nje mvua inapiga bati kama vile ina deni na sisi, nimeitoa ile kadi ya kichwa chini nikaiweka pembeni ya mto wa mdogo wangu, aikute asubuhi.