Kilo 256 za Kizingitini

Sifuri, 256, 512. Leo nimepitia rekodi za kompyuta za uzito wa samaki, kwa kilo, wa boti moja ya Kizingitini, Lamu, nazo zinarudia namba hizo tu. Boti nyingine zina 87, 143, 310, kama mizani inavyosema. Bahari haigawi samaki kwa mafungu ya 256.

Nahodha wa boti hiyo ameshamwambia karani anayeingiza rekodi, mbele za watu, kwamba anamwibia. Kwangu alisema kwa upole: "Mwanangu, mimi hupima mia tatu, wao waandika mia mbili hamsini na sita."

"Nakuamini, ami," nikamjibu. Namba yenyewe ndiyo iliyoniaminisha: baiti moja, kile kisehemu kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta, hubeba thamani 256, si zaidi; ikifutwa ya chini, hubaki mafungu ya 256 tu. Mtu akiiba hapunguzi hivyo.

Programu inayotunza rekodi hizi imeandikwa kwa C, lugha ya kuandikia programu, na aliyeiandika ameshahama Lamu. Niliiendesha ndani ya Valgrind, zana ya kusaka makosa ya kumbukumbu: kimya. Nikaikompaili upya, yaani kuijenga tena kutoka msimbo wake, kwa AddressSanitizer, zana nyingine ya aina hiyo: kimya vilevile. Zana hizi nazipenda, hukamata programu inayoandika nje ya kipande cha kumbukumbu ilichopewa. Ila hapa jina la boti na uzito wake vimo katika kipande kimoja, bega kwa bega, na wa ndani akimvamia wa ndani mwenzake hazina habari.

Basi nikaiagiza GDB, zana ya kuifuatilia programu hatua kwa hatua, ichunge anwani ya uzito (mahali unapokaa katika kumbukumbu) na kuisimamisha programu kila unapobadilika. Ikasimama uzito ulipoandikwa: 300, sawa. Ikasimama tena katikati ya strcpy, amri ya C ya kunakili maandishi, jina la boti likinakiliwa: 256.

Jina lilitengewa baiti 20. "SUBIRA YAVUTA HERI 2", ukihesabu na nafasi zake, linazijaza zote 20, na C hulifunga kila jina kwa baiti ya sifuri. Hiyo ya 21 ikaangukia baiti ya kwanza ya uzito, ambayo kwenye prosesa hizi ndiyo ya chini kabisa, inayobeba kilo zinazobaki juu ya mafungu ya 256. Mia tatu ni 256 na 44. Ile 44 ikafutika. Boti ya kwanza, isiyo na hiyo 2 mwishoni, haijapoteza hata kilo.

Karani amebeba tuhuma hii bila kosa lolote, na hilo limeniuma kuliko msimbo. Nimeshamweleza nahodha, wakapeana mikono.

Kurekebisha ni mstari mmoja. Rekodi za zamani ndizo kazi: baiti iliyofutwa hairudi, na 256 iliyoandikwa yaweza kuwa ilikuwa 260 au 511. Kesho baada ya alfajiri naketi na karani tupitie stakabadhi za mizani, moja moja, tangu boti hiyo iliposajiliwa.