Ng'ombe wa Adui Yako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la wiki hii ni Kutoka 23:1–9. Naomba mlisome lote kwa mfululizo kabla ya kuendelea, maana tumezoea kulichukua vipande vipande: mstari wa rushwa siku ya semina ya maadili, mstari wa mgeni siku ya kuwaombea wakimbizi. Ukilisoma lote utaona kwamba linazungumzia sana namna watu wa Mungu wanavyobeba habari za watu wengine. Linaanza hivi: "Usivumishe habari za uongo." Linakuja kwenye umati, kisha maskini, kisha ng'ombe na punda wa adui, kisha rushwa, na linafika kwa mgeni. Waliopewa maneno haya walikuwa jangwani, hawana gazeti wala redio. Hata hivyo sijaona andiko linalotugusa sisi wa Kigoma wakati huu kuliko hili.

Angalieni asubuhi zetu. Redio husoma vichwa vya habari vya magazeti, na wengi wetu tunaishia hapo. Gazeti lenyewe hatulinunui. Mtu anasikia kichwa cha habari akiwa anapiga mswaki, anamsimulia bodaboda wa Gungu, bodaboda anakishusha mwaloni Kibirizi, na kufika saa nne jambo limekuwa la uhakika kabisa. Wanaoandika vichwa hivyo wanatujua. Mkutano wa hadhara ni uleule, uwanja ni uleule, lakini gazeti moja litasema mgombea kafurikwa na watu, jingine litasema kadoda. Mpiga picha mmoja ameinama mbele ya jukwaa pale watu walipobanana. Mwenzake amepanda juu ya gari, anapiga eneo lililobaki wazi nyuma. Picha zote mbili ni za kweli, na kila moja imeacha nje kile ambacho mwenyewe hakutaka tukione.

Mwandishi anayo dhambi yake, na Mungu atamuuliza. Ila gazeti linaloegemea upande mmoja linaishi kwa sababu wapo wanaolitaka hivyohivyo, na sisi tumo. Mji wetu ni mji wa siasa. Tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992 tumekuwa na wabunge wa chama tawala na wa upinzani, na Jumapili benchi moja kanisani linakalisha watu wa vyama vyote. Tunashiriki meza moja ya Bwana. Tukitoka nje tu, kila mmoja anawasha simu kumsikiliza mtu anayemwambia kwamba yule waliyekaa naye ni mjinga au kanunuliwa.

Sasa tuingie kwenye mstari wa nne, ambao ndio ulionifanya nichague somo hili: "Ukimkuta ng'ombe wa adui wako, au punda wake, amepotea njia, sharti umrudishie mwenyewe tena." Kwa nini Mungu aweke ng'ombe katikati ya maneno ya ushahidi na hukumu? Kwa watu wa ziwani nitasema mtumbwi. Upepo ukivuma usiku, kamba ikakatika, na mtumbwi ukaonekana asubuhi unaelea mbali na mwalo wake, anayeuokota anatakiwa aulize ni wa nani na aurudishe, hata kama mwenyewe ni yule waliyegombana juzi kwa ajili ya nyavu. Jina la mtu nalo ni mali yake. Umesikia jambo jema, la kweli, kuhusu mwanasiasa usiyemtaka: barabara aliyoipigania, swali zuri aliloliuliza bungeni, fedha alizokataa kuzipokea. Mtumbwi wake umekufikia. Ukinyamaza, umeuficha. Na ukiona uongo unaomchafua, ukajua fika kuwa ni uongo, ukacheka na kuurusha kwenye kundi la sala, hapo umeiba.

Angalia pia kwamba Mungu hakusema umpende kwanza ndipo umrudishie. Hakusema ukubaliane naye wala umpigie kura. Adui anabaki kuitwa adui ndani ya mstari wenyewe. Kinachodaiwa ni haki, na haki inaanza kabla hasira haijatulia.

Unafiki wa siasa ninaouona kwetu unajificha hapo hapo. Diwani wa upande wetu akigawa kanga na sukari wakati wa kampeni, tunasema ana huruma. Wa upande wa pili akifanya vilevile, tunasema ananunua kura. Aliyehamia kwetu kutoka chama kingine kafunguka macho na kaunga mkono juhudi. Aliyetoka kwetu kwenda kwao kafuata maslahi. Gari la umma likionekana kwenye mkutano wa wenzetu tunalipiga picha mpaka namba. Likiwa kwenye mkutano wetu, tunasogea ili tupate nafasi ya kupanda.

Nabii Nathani alijua dawa yake. Alipotumwa kwa Daudi, katika 2 Samweli 12, hakutaja jina. Alisimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja tu. Daudi, kwa kuwa hakujua ni nani anayesemwa, alihukumu sawasawa, tena kwa ukali. Ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Wapendwa, habari ikikufikia, ondoa jina la mtu na jina la chama, uisome tena. Kama hukumu yako inabadilika jina linaporudi, basi hukuwa unahukumu tendo.

Mstari wa pili unasema, "Usiandamane na mkutano kutenda uovu." Marko 15:15 inasema Pilato alimfungulia Baraba kwa kupenda kuwaridhisha makutano. Alishajua kwamba makuhani wakuu walimtoa Yesu kwa husuda, yaani habari kamili alikuwa nayo. Alichokosa ni ujasiri wa kuwakatalia waliokuwa wanapiga kelele mbele yake, na umati nao ulikuwa umechochewa na watu waliojua wanachokifanya.

Historia ya nchi yetu inao mkutano uliokwenda tofauti, tena hapo Tabora tu, mahali treni yetu inapopita kwenda Dar es Salaam. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu pale, na jambo lililokuwa mezani lilikuwa uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ulikuwa mfumo wa dhuluma, na wajumbe wengi walifika wakitaka kuususia. Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya watu wake mwenyewe akawaambia kitu ambacho hawakutaka kukisikia: tukisusia, tunawapa wapinzani wetu viti bure. Alijenga hoja mpaka wakakubali, na wagombea waliokuwa wanaungwa mkono na TANU wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubaliana naye, akatoka na kuunda chama cha African National Congress. Namtaja kwa heshima. Kuukataa mfumo wa dhuluma moja kwa moja ilikuwa hoja ya mtu mwenye uchungu na nchi yake, na haimgeuzi kuwa msaliti. Ni wangapi leo, kwenye vyama vyetu na hata kwenye mabaraza ya kanisa, wanaothubutu kuwaambia watu wao wenyewe neno gumu? Kuwasema wa upande wa pili ni rahisi, na makofi yake yapo tayari.

Mstari wa tatu unashangaza watu: "wala usimpendelee mtu maskini katika neno lake." Mungu yuleyule anayewatetea maskini katika Maandiko yote! Chukueni mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki na dagaa wazaliane. Tulikuwa na ndugu waliokuwa na mikopo ya injini, ada za watoto, na chungu jikoni. Njaa yao ilikuwa ya kweli, na kanisa lisingeweza kukaa kimya. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba samaki wanapungua, na kwamba makokoro, yaani nyavu za kukokota ambazo sheria inazikataza, yanazoa mpaka vifaranga. Siku zile mtu alikuwa anachagua nusu moja ya ukweli kulingana na chama chake. Anayeipenda serikali hakutaka kusikia habari ya chungu, na anayeichukia hakutaka kusikia habari ya kokoro. Mithali 18:17 inasema, "Ajiteteaye kwanza huonekana kuwa ana haki, lakini jirani yake huja na kumchunguza." Mvuvi anastahili kusemewa kwa kweli tupu. Ukimtetea kwa kuficha kokoro, siku likionekana hata njaa yake haitaaminiwa.

Kuhusu rushwa sitasema mengi, maana mstari wa nane umesema wazi kwamba inawapofusha macho hata wale wanaoona. Someni Mathayo 28:11–15. Wale askari waliolinda kaburi walipewa fedha nyingi wakaambiwa waseme wanafunzi walikuja usiku wakamwiba Yesu wao wakiwa wamelala. Mtu aliyelala amejuaje aliyeiba? Habari haikusimama hata kwa miguu yake yenyewe, lakini ilienea, kwa sababu ilikuwa imelipiwa. Bahasha za siku hizi zinafanya kazi ileile, na vijana wetu wanaojiita chawa, wanaomsifu kiongozi mchana na usiku ili wapate nauli na vocha, wanauza kitu ambacho Mungu aliwapa bure: ulimi.

Lakini mbona tuwaseme chawa wa mtandaoni, na sisi kanisani je? Wakati wa uchaguzi mgeni rasmi anafika ibada ikiwa katikati. Kwaya inakatizwa. Anapewa kipaza sauti kabla ya neno la Mungu, anaahidi mabati, waumini wanapiga vigelegele, na mhubiri anamwita chaguo la Bwana. Wiki inayofuata mshindani wake naye anaomba kusalimia tu, anajibiwa kwamba hapa ni mahali patakatifu, siasa ziachwe nje ya geti. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii mia nne waliosema kwa sauti moja anachotaka, na Mikaya mmoja ambaye mfalme alikiri anamchukia kwa kuwa hambashirii mema (1 Wafalme 22). Mikaya alipelekwa gerezani kula chakula cha shida. Wale mia nne walirudi nyumbani, na Ahabu akafa vitani kama Mikaya alivyosema. Mabati tunayahitaji, nalijua hilo. Mvua za Kigoma hazisubiri. Basi yapokelewe baada ya ibada, kwa risiti, kutoka kwa yeyote, na asiitwe mtu yeyote chaguo la Bwana kwa sababu ya bati.

Namalizia na mgeni, mstari wa tisa. Majirani zetu walitufundisha uongo wa redio unafika wapi. Kuanzia Julai 1993 redio ya RTLM ilitangaza Rwanda kwa muziki mzuri na utani, huku ikiwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 watu hao walioitwa mende wakauawa kwa mapanga. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari. Mmoja wao, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo vyao, na ni haki hilo nalo lisemwe. Elimu haikuwazuia.

Na sisi wenyewe? Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi Burundi na redio binafsi kushambuliwa na kufungwa, maelfu kwa maelfu walivuka wakajaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikazuka. Liemba, meli iliyojengwa mwaka 1913, ikawa inapanda na kushuka ikiwaleta Kigoma mjini. Wapo wenyeji wetu waliotoa uji na nguo. Wapo pia waliosema "wametuletea ugonjwa", na neno hilo lilikimbia kuliko uji. Mpaka leo mwizi akikamatwa akiwa mzaliwa wa hapa, habari inataja jina lake. Akiwa Mrundi au Mkongo, inataja taifa lake, na jioni ile mama anayeuza mihogo na hajaiba chochote anaangaliwa kwa jicho jingine sokoni.

Mungu anasema tusimwonee mgeni kwa kuwa tunaujua moyo wa mgeni. Je, Muha wa Kigoma haujui? Wangapi kati yetu tumeteremshwa kwenye basi kizuizini, tukaulizwa majina ya babu na bibi, tukaambiwa "wewe ni Mrundi wewe", kwa sababu ya matamshi yetu tu? Wangapi wamesikia mgombea wa kwetu anapingwa, si kwa hoja zake, ila kwa kuulizwa uraia wake? Tunajua inavyouma habari ya uongo ikitembea na sura yako. Hatuna udhuru wa kuipeleka kwa mwingine.

Jumatano kwenye jumuiya tutasoma tena mistari hii tisa. Kila mmoja aje na habari moja ya kweli na njema kuhusu kiongozi au chama asichokipenda, aliyoihakikisha mwenyewe, ataisema kwa sauti mbele ya wenzake. Mzee wa jumuiya ataanza.