Kabla Hujatuma Injini Mwisho wa Reli

Yeni 40,000. Hiyo ndiyo ankara iliyonifikia wiki hii kutoka ghala la mizigo hapa Nagoya, Japani, kwa sababu ya oili iliyomwagika sakafuni. Badilisheni wenyewe kwa shilingi, kisha mwambieni fundi wa Mwanga, kwetu Kigoma, mwisho wa reli, awatajie anafunga injini ngapi kwa hela hiyo. Oili yenyewe haikufika lita mbili. Lakini huku oili ikigusa sakafu ya ghala wanaitwa watu wenye unga wa kunyonya, picha zinapigwa, fomu inajazwa, na mwenye mzigo analipa. Iliyovuja ni giaboksi ya otomatiki ya Toyota IST, na ilikuwa imeshamwagwa oili.

Wengi tunakosea hapo. Unafungua bolti ya sampo, lile bakuli la oili la chini, oili inatoka mpaka inakatika, unafunga na kusema imekauka. Haijakauka. Kwa giaboksi ndogo kama hiyo, bolti inatoa lita tatu hivi kati ya sita au saba. Nyingi ya iliyobaki imo ndani ya toki konveta, lile duara zito lililo kama vitumbua viwili vilivyogandana. Foklifti ikiinyanyua giaboksi kwa kuinamisha, oili inatokea mbele. Dawa ni kuvuta toki konveta nje, kuilaza mdomo chini juu ya beseni na kuiacha ichuruzike usiku kucha.

Kuirudisha ndiko kunakoua giaboksi nyingi. Isukume huku ukiizungusha polepole kwa mikono miwili. Itaingia kidogo na kugota, usiridhike. Endelea kuzungusha mpaka uisikie ikidondoka ndani zaidi, na mara nyingi itadondoka tena, maana kuna meno ya shafti na kuna meno ya pampu ya oili, na yote lazima yashike. Laza rula ya chuma kukatiza mdomo wa giaboksi: sehemu za toki konveta zinazofungwa bolti zikae ndani ya mstari wa rula, zisilingane nao. Halafu kata kipande cha pleti, toboa matundu mawili, kifunge kwa bolti kikatize mdomo huo ili toki isirudi nje. Bila pleti, mtikisiko wa meli na lori utaisogeza kidogo tu, fundi ataibana giaboksi kwenye injini kwa nguvu ya bolti, na pampu ya oili itapasuka. Gari litawaka, gia haitashika hata moja.

Hilo linaniuma kuliko ankara. Mtu amesimama yadini panapouzwa injini zilizotumika, kwenye baridi inayokata vidole, amechagua kitu kizima, kisha nyumbani anaambiwa ametuma chuma chakavu. Kitu kilikuwa kizima. Kimekufa kwa kufungwa vibaya.

Injini ina yake. Kumwaga maji ya rejeta hakutoshi. Ubavuni mwa bloku kuna bolti ya kutolea yaliyobaki. Sisi wa Kigoma hatuna habari za barafu, lakini Januari huku maji yanaganda usiku, yanatanuka na kupasua bloku yadini, kabla hata meli haijafika. Petroli itoke yote, pamoja na iliyo kwenye bomba la nozeli. Injini yenye petroli ni mzigo wa hatari kwa sheria za baharini, ina namba yake ya kimataifa, UN 3528, na ukificha itakugharimu.

Halafu jasho la kontena. Mchana bati linapata joto, usiku linapoa, mvuke unakuwa matone na kudondokea mzigo. Silinda ambayo valvu yake imebaki wazi inashika kutu, ringi zinaganda. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili kila silinda, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili, rudisha plagi. Nani wa Kigoma asiyeijua Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika? Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwanza. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka kadhaa chini ya ziwa! Sisi injini inatushinda wiki chache ndani ya kontena.

Matundu ya manifoldi (mabomba ya hewa na moshi), turbo na mipira yazibwe kwa vifuniko vya plastiki na tepu. Matambara usiyaguse: yananyonya maji, na fundi akisahau moja, linavutwa ndani.

Wayaringi chomoa, usikate. Kwa injini za VVT-i, zile za Toyota zinazoendeshwa kielektroniki, kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, isafiri pamoja na injini yake.

Paleti ya mbao iwe na muhuri wa HT, yaani mbao zilizopashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 ili wadudu wafe. Injini isikalie sampo. Ikalie magogo mawili ya sentimita 10 kwa 10, kwenye sehemu za maunting, pale injini inapofungwa kwenye gari. Mikanda minne ya racheti ipite kwenye bloku, kamwe isipite juu ya manifoldi ya plastiki wala puli. Kaza, acha ilale, kesho kaza tena, kwa sababu mbao hujipanga na mikanda hulegea. Kutoka Dar kuna zaidi ya kilomita 1,200 za kutikiswa.

Na wewe kijana unayepanga kuja kufanya kazi za yadi: cheti cha foklifti kinasaidia, lakini kabla ya hapo jifunze kusoma katakana, aina moja ya herufi za Kijapani. Maneno ya kigeni yanaandikwa kwa herufi hizo. Ukizisoma utakuta injini ni "enjin" na oili ni "oiru", na lebo za stoo zitaacha kukutisha.

Masikio ya injini, yale ya kunyanyulia, usiyafunike na nailoni. Yapake rangi nyekundu, andika SHIKA HAPA, maana wapakuaji wa stesheni watatafuta pa kupitisha kamba, na wakikosa wataipitisha kwenye alteneta. Kwenye toki andika TOA PLETI KWANZA. Na kwenye kijiti cha kupimia oili funga kibao kwa waya, si kwa tepu inayobanduka, kimeandikwa kwa Kiswahili kikubwa: HAINA OILI.